Kistari Kwenye Nafasi ya Baba

Mwaka wa 1917, wakati nchi hii bado ilikuwa ikiitwa British East Africa, mwanamume aliyejulikana kama Amkeyo alishtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi. Upande wa mashtaka ukamwita mkewe kutoa ushahidi. Sheria ya ushahidi, ambayo Waingereza walikuwa wameitoa India na kuileta huku ilivyo, ililinda mazungumzo ya mume na mke. Kwa hivyo swali likawa moja: huyu mama ni mke ama si mke? Walikuwa wameoana kimila. Jaji Mkuu, Robert Hamilton, akaamua kwamba hiyo haikuwa ndoa machoni pa sheria. Kwa maoni yake hata kutumia neno ndoa kulipotosha watu, na kilichofanyika kingeitwa kununua mke, ingawa jina hilo nalo halikumridhisha kabisa, kingekuwa kimekaribia ukweli zaidi kuliko kuitwa ndoa. Ushahidi ukapokelewa.

Kesi ya mali ya wizi, jamani. Lakini kwa miongo mingi iliyofuata, mawakili na mahakimu waliendelea kuirejelea kila mara mtu alipouliza kama ndoa ya nyanya yake ilikuwa ndoa. Hicho ndicho kimenifanya nisome historia ya sheria ya familia usiku, mimi ambaye sikusomea sheria hata siku moja: namna korti ikishajibu swali "huyu ni nani kwako?", jibu hilo huishi kuliko wote waliokuwa kizimbani.

Swali hilo ninalo mwaka huu. Mke wangu alikuja katika ndoa yetu na binti aliyezaliwa 2015. Ananiita Baba tangu akiwa na miaka minne, hakuna aliyemfundisha. Cheti chake cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba, kina kistari. Nataka kumuasili, yaani awe mtoto wangu kisheria, nikifa leo asianze kuulizwa maswali na watu wa ukoo wangu. Na kwa hayo unahitaji wakili.

Kwa Mwafrika wa kawaida, kuajiri wakili kwa mambo ya nyumbani ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Serikali ya kikoloni ilikuwa na korti za aina mbili. Mzungu akitaka talaka alikwenda Mahakama ya Juu ya koloni, na kuanzia 1941 alifuata sheria iliyoandikwa kwa mfano wa ile ya Uingereza: lazima uthibitishe uzinzi, ukatili, kuachwa kwa miaka mitatu, au wazimu usiopona. Si suala la kusema tumechokana. Lazima mmoja awe mkosaji, na mwingine awe msafi vya kutosha. Mwafrika aliyeoa kimila alikwenda kwa wazee, kisha kwenye baraza la wenyeji, na huko mawakili hawakuruhusiwa kukanyaga. Hoja ya wakoloni ilikuwa kwamba wakili angevuruga mila na kuwachanganya wazee. Nadhani pia hawakutaka mtu aliyesoma sheria awe karibu na watu wao. Marufuku hiyo iliendelea hata baada ya uhuru, hadi mahakama zilipounganishwa kuwa mfumo mmoja mwaka 1967.

Kwa hivyo bibi zetu waliachika, waligombania watoto, na mahari ikahesabiwa mbuzi kwa mbuzi ikirudishwa, bila mtu wa kuwasemea. Ndugu wa kiume ndio waliosema. Pwani ilikuwa tofauti kidogo: Waislamu walikuwa na Kadhi, na neno wakili lenyewe lilikuwa limeshakaa kinywani mwa watu tangu zamani. Ni neno la Kiarabu, maana yake mtu unayemwachia jambo lako alishughulikie. Hata katika nikahi waweza kumweka wakili. Napenda maana hiyo kuliko ile ya suti na begi.

Lakini turudi kwa kistari, kwa sababu kina historia yake.

Mwaka 1959, serikali ya kikoloni ikiwa inakaribia kufunga virago, ilipitisha sheria iliyomruhusu mwanamke asiyeolewa kumpeleka kortini mwanamume aliyempa mimba, ili alipe matunzo ya mtoto. Wanawake wakaitumia. Makarani wa mjini, walimu, na waheshimiwa wakajikuta wakiitwa kortini kujibu mambo waliyodhani yalizikwa mashambani. Kelele zikaanza. Ilisemwa sheria ni ya kizungu, si ya Kiafrika, na eti wasichana wanazaa kama biashara, mtoto huyu analipiwa na huyu, yule na yule.

Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Tafadhali soma tarehe hiyo tena ukijua kwamba mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, Grace Onyango wa mji wa Kisumu, alichaguliwa Desemba ya mwaka huohuo, baada ya sheria kufutwa. Wanaume peke yao, katika ukumbi wa wanaume, walipiga kura kwamba mwanamume asiyeoa hadaiwi chochote na mtoto wake. Sijapata mfano mwingine katika historia yetu wa watu waliojisamehe deni waziwazi hivyo.

Deni hilo lilikaa limesamehewa miaka thelathini na zaidi. Fikiria idadi ya watoto waliozaliwa kati ya 1969 na 2002, ilipoanza kutumika Sheria ya Watoto ya 2001. Wengi wao ni wazazi wetu. Ukisikia mjomba akisema "huyo alilelewa na mamake tu", mara nyingine hiyo si tabia ya ukoo. Ni sheria.

Na sheria ya 2001 yenyewe ilisitasita. Ilisema kama wazazi hawakuoana, mama ndiye mwenye jukumu kwanza. Baba aliingia kwa kutaka, kwa makubaliano, au kwa kuonekana amemkubali na kumtunza mtoto. Alikuwa na mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ni Katiba ya 2010 iliyoufunga: Kifungu cha 53 kinasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Nyuma ya mstari huo kuna kazi ya miaka mingi ya wanawake wanasheria, wakiwemo wale wa FIDA, walioanza hapa mwaka 1985, mwaka uleule dunia nzima ilipokuja Nairobi kwa mkutano wa wanawake. Kabla yao kulikuwa na Kituo cha Sheria, tangu 1973, kwa wasio na pesa ya wakili. Tukisema siku hizi mtu yeyote anaweza kudai matunzo katika Mahakama ya Watoto, tukumbuke kuna watu waliokaa kwenye viti vya mbao miaka nenda miaka rudi ili iwe hivyo.

Karatasi zilichelewa kufika Katiba ilipofika. Sheria ya kusajili vizazi iliendelea kusema jina la baba asiyeoa lisiandikwe isipokuwa yeye na mama waombe pamoja, au kuwe na ushahidi wa ndoa. Yaani baba akikataa kufika ofisini, amefutika. Mahakama Kuu ilikuja kusema hilo ni kinyume cha Katiba mwezi Mei 2016. Binti yetu alikuwa ameshasajiliwa mwaka mmoja kabla. Mama yake hakurudi kubadilisha. Wakati huo, aliniambia, alikuwa amechoka kumtafuta mtu ambaye simu yake haiingii.

Sasa wakili. Niliwaona watatu, wote katikati ya tao. Wa kwanza alinitajia bei kabla sijamaliza kutaja jina langu. Wa pili aliniambia kwa wiki mbili mambo yatakuwa tayari, nikajua hapo hapo kwamba ama hajui ama ananichezea, maana lazima kuwe na ripoti ya maafisa, na korti iteue mtu wa kuangalia maslahi ya mtoto tu, asiye upande wangu wala wa mtu mwingine. Hiyo si kazi ya wiki mbili popote. Wa tatu, mama wa makamo mwenye ofisi yenye mafaili hadi dirishani, alimuuliza mke wangu, "Mtoto anaitwa nani?" Kisha akauliza mtoto mwenyewe anasemaje. Kisha akauliza baba yuko wapi.

"Hayuko, Wakili," mke wangu akajibu. "Ona cheti. Kuna kistari."

"Mama, kistari si kifo," akasema. "Na si ruhusa."

Hapo ndipo historia yote niliyokuwa nikiisoma kama mambo ya watu wengine ilinikalia mezani. Kuasili hukata. Mtoto akishaasiliwa, kisheria anakuwa kana kwamba alizaliwa na aliyemuasili, na uhusiano wa zamani unaisha. Ndiyo maana ridhaa ya mzazi huulizwa. Na kwa kuwa Katiba inasema baba ana wajibu sawa hata bila ndoa, huwezi kusema tu hayuko. Mwaka 1975 hakuna ambaye angemuuliza. Mlango uliofungwa ili asitoroke ndio huohuo unaomfanya awe na neno la kusema.

Mke wangu alikasirika, na nilimwelewa. Miaka kumi ya karo, homa na viatu, hakuwahi kutuma hata mia kwa M-Pesa, halafu eti tumtafute tumuombe? Wakili hakumbishia. Alieleza kwamba sheria inaipa mahakama nafasi ya kuendelea bila ridhaa ya mzazi aliyemtelekeza mtoto, au aliyeacha kumtunza kwa muda mrefu, au asiyepatikana kabisa. Lakini lazima uonyeshe. Uonyeshe ulimtafuta. Uonyeshe nani alilipa nini. Risiti za shule ambazo mke wangu aliweka kwenye mfuko wa karatasi bila sababu maalumu ghafla zikawa ushahidi.

Nilimuuliza kuhusu wanandoa wanaoachana, maana nusu ya waliokuwa wakingoja nje walikuwa hapo kwa talaka. Akacheka. Tangu Sheria ya Ndoa ya 2014, alisema, mtu anaweza kuiambia korti kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebika, na si lazima amfumanie mwenzake na mtu. Kesi inaanzia kwa hakimu. Lakini watu bado huja na picha za simu za uzinzi, wamezipanga kwa tarehe, kana kwamba bado tuko 1941. Wanataka mtu aitwe mkosaji. Vita vya kweli, alisema, ni vya mtoto, na huko watu bado wanaamini mama hushinda tu. Ni kweli majaji wetu kwa muda mrefu waliona mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka kumi, akae na mamake isipokuwa kuwe na sababu nzito. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ilisisitiza kwamba kanuni hiyo haipiti maslahi ya mtoto mwenyewe. Mali sitaigusa, ila nitasema hili: hadi 2013 majaji wa Kenya walikuwa wakigawanya nyumba za Buruburu na Lavington kwa kutumia sheria ya Uingereza ya 1882.

Tulikubaliana ada, tukaiandika na kutia sahihi pande zote mbili. Kabla ya hapo nilitafuta jina lake kwenye orodha ya Chama cha Mawakili, nikaona leseni yake ni ya mwaka huu. Fanya hivyo hata kama umeelekezwa na shangazi yako. Ada yenyewe si ndogo, na kuna kiwango cha chini kilichowekwa na kanuni, kwa hivyo anayekuambia atafanya kwa bei ya kutupa amekuambia jambo kuhusu yeye mwenyewe.

Yule bwana tumempata. Yuko Eldoret, ameoa, ana watoto wawili. Wakili alimwandikia barua, hakujibu, kisha siku moja akapiga simu ofisini. Hakuuliza kuhusu pesa. Aliuliza kama binti anafanana na nani.

Mke wangu hajaamua kama ajibu. Mimi nimesema uamuzi si wangu, ingawa moyoni nina maoni, na si mazuri. Binti tulimweleza jioni moja, kwa maneno madogo, kwamba kuna mtu atakayeulizwa kabla mimi sijawa baba yake kwa karatasi. Alifikiri kidogo.

"Na akikataa," akauliza, "nitakuita nani?"

Mamake akamwambia aniite vile anavyoniita. Kesi itatajwa mwezi ujao.