Pindo la Nuru: Historia ya Istilahi Moja ya Fizikia

Katika mwambao wa Karema, magharibi ya mji wa Mpanda, maji ya Ziwa Tanganyika huwa maangavu kiasi kwamba mvuvi aliyesimama mtumbwini huweza kuwaona samaki chini yake. Hata hivyo, samaki hayupo pale anapoonekana. Nuru husafiri majini kwa kasi ndogo kuliko hewani, na inapouvuka uso wa maji kwa mshazari hubadili mwelekeo. Jicho, kwa mazoea yake, huichukulia nuru yote kuwa imekuja kwa mstari mnyoofu. Matokeo yake ni kwamba samaki aliye mita 2 chini, akitazamwa kutoka juu yake, huonekana kama yu mita 1.5 tu. Kasi ya nuru hewani ikigawanywa kwa kasi yake majini, jibu ni 1.33; kwa kioo cha kawaida ni 1.5 hivi, na kwa almasi 2.42. Mshale wa nuru uingiao majini kwa nyuzi 45 hutoka katika njia yake ukawa na nyuzi 32. Katika kioo huwa na nyuzi 28.

Kanuni inayotawala jambo hili hunasibishwa na Snellius wa Uholanzi, aliyeigundua mwaka 1621, ingawa Ibn Sahl wa Baghdad alikwisha kuitumia katika kazi yake juu ya lenzi mnamo mwaka 984. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, ni Ibn al-Haytham, aliyeandika mjini Cairo mwanzoni mwa karne ya 11, ndiye mwenye habari zaidi. Yeye alitenganisha matukio mawili kwa maneno mawili ya Kiarabu: in'ikasi, nuru inaporudishwa na kioo cha kujitazamia, na in'itafu, yaani kugeuka, inapovuka kutoka kitu kiangavu kimoja hadi kingine. Baadaye Kiarabu kiliacha in'itafu kikachukua inkisari, yaani kuvunjika. Kilatini nacho kilikuwa na taswira hiyohiyo ya kuvunja, na ndiyo iliyomo katika neno la Kiingereza refraction.

Kiswahili kiligawanya urithi huo kwa namna ya kuvutia. Kwa nuru irudishwayo kina akisi, neno la shina moja na in'ikasi. Kwa nuru ivukayo hakikufuata Kiarabu wala Kiingereza, bali kilitumia kitenzi chake cha asili ya Kibantu, pinda. Istilahi za aina hii zilianza kukusanywa na kusanifiwa kwa mpango baada ya BAKITA kuundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Yawezekana kudaiwa kwamba pinda si neno sahihi. Uta hupinda kidogokidogo toka ncha hadi ncha, ilhali nuru hugeuka ghafla mpakani, katika nukta moja. Mtoto anayetazama penseli ndani ya bilauri ya maji hasemi imepinda, husema imevunjika. Lakini pingamizi hilo linasahau mshonaji. Kitambaa kikipindwa hupata mkunjo mkali, na kutokana na kitenzi hichohicho tunapata pindo la nguo. Zaidi ya hayo, wahenga waliokwisha kuuita upinde wa mvua kwa jina hilo, pasipo kujua chochote kuhusu matone ya maji na nyuzi zake, waliliweka neno mahali pake karne nyingi kabla ya kamati yoyote.

Istilahi, basi, ilikuwapo, na ilikuwa njema. Tatizo liko kwingine. Mtoto wa Mpanda aliyekulia katika Kipimbwe, Kibende, Kikonongo au Kisukuma hujifunza Kiswahili kama lugha ya pili, na kwa lugha hiyo shule nyingi za msingi za serikali humfundisha kupinda kwa mwanga, lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Anapoingia kidato cha kwanza lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, ghafla kama nuru ifikapo mpakani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi ya mwaka 1990 ilitoka wakati darasa ambalo ingelihudumia halipo.

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu yake. Mwanafunzi wa sekondari mjini humo akiulizwa kwa Kiingereza kueleza jambo hili, hukariri sentensi ya daftari. Akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini mvuvi wa Karema hulenga mkuki chini ya samaki amwonaye, huomba bilauri, penseli na maji.