Nguba, Nyama na Kiti cha Mezani: Mkahawa Mmoja wa Alabama, 1927–1964

Kusini mwa Marekani wako watu ambao hadi leo huita karanga «goober», na neno hilo si jingine ila nguba ya Kikongo. «Gumbo» nayo, mchuzi mzito wa Louisiana, wataalamu wengi huihusisha na jina la bamia katika lugha za Kibantu za Angola. Kunde pia zilitoka Afrika. Sisi wanaisimu twapenda kuishia hapo, tukifurahia asili ya maneno. Mwanahistoria hana budi kuuliza zaidi: je, wajukuu wa waliovusha maneno hayo baharini waliruhusiwa kuketi na kula?

Tuutazame mkahawa wa Ollie's Barbecue, mjini Birmingham. Ulikuwa mali ya familia ya McClung, ukisifika kwa nyama ya kuokwa na pai. Ulikuwa na viti 220 na wafanyakazi 36, ambao theluthi mbili yao walikuwa weusi. Hata hivyo, tangu ulipofunguliwa mwaka 1927, mteja mweusi hakupewa kiti. Aliweza kununua chakula na kuondoka nacho, basi.

Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia, iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo. Akina McClung wakaenda mahakamani, wakidai kwamba mkahawa wao ni wa mtaani tu na hauihusu serikali ya Washington. Mahakama ya kwanza iliwapa haki. Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo tarehe 14 Desemba 1964, majaji wote wakikubaliana.

Hoja iliyowashinda akina McClung yastahili kuzingatiwa. Katiba ya Marekani hulipa Bunge mamlaka juu ya biashara baina ya majimbo, na sheria ile ilijengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo swali likawa: nyama yatoka wapi? Ikaonekana kwamba katika miezi 12 kabla ya sheria, mkahawa ulinunua vyakula vya dola 150,000 hivi. Katika hizo, dola 69,683 zilikuwa za nyama iliyotoka nje ya Alabama. Hiyo ilitosha. Majaji walieleza pia kwamba ubaguzi hupunguza biashara na huwazuia watu weusi kusafiri, lakini hata hapo kipimo kilibaki soko.

Sisemi kwamba hukumu ilikuwa mbaya. Mawakili walitumia silaha iliyokuwapo, na mlango ukafunguka. Lakini msomaji aichunguze hati yenyewe. Nyama imehesabiwa humo hadi dola ya mwisho. Wafanyakazi weusi, yapata 24, wamo kama sehemu ya hesabu, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa jina.