Nyumba ya Iweto na Hadithi za Mapenzi: Juu ya Siri na Uaminifu katika Kitui na Makueni

Makala haya yanahusu jambo ambalo wahakiki wetu wa Kiswahili wamezoea kulipitia kando, nalo ni hadithi za mapenzi baina ya watu wa jinsia moja. Katika karne hii hadithi za namna hiyo zimetungwa na wana wa Afrika ya Mashariki wenyewe, nyingi kwa Kiingereza, nazo zimezua kesi, marufuku na mahubiri. Wanaozipinga hushikilia kwamba ni mzigo ulioletwa kutoka ng'ambo. Wanaozitetea hujibu, pamoja na mengine, kwa kutaja Ukambani, ambako mwanamke amekuwa akimwoa mwanamke mwenzake kwa mila. Hoja hizi zimerudiwa mno, na zote mbili huelekea kumsahau mhusika mkuu, yaani yule mwanamke kijana anayeolewa, ambaye Wakamba humwita iweto. Nakusudia kuonyesha kwamba nyumba ya iweto ina siri yake, na hadithi za siku hizi zina siri yao, na kwamba siri hizo si moja. Asiyezitenga hawezi kuisoma mila wala hadithi.

Yafaa tuanze na mila. Kitui na Makueni ni nchi kavu za mashariki ya Kenya. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, na tangu mwaka 2013 kila moja ina serikali yake ya kaunti. Lakini mila hii haikungoja mipaka ya serikali. Mwanamke asiyejaliwa mtoto, au aliyejaliwa mabinti tu, aweza kutoa mahari na kumwoa msichana. Mbuzi wa ntheo, ambao bila wao Mkamba hahesabu ndoa, hupelekwa kwa wazazi wa msichana kama ilivyo katika ndoa nyingine yoyote. Msichana akishafika hawi mke-mwenza wa yule aliyemwoa. Mara nyingi huhesabiwa kuwa mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na ndiyo sababu watoto wake humwita yule mwoaji susu, yaani nyanya. Watoto hao huchukua jina la nyumba ya mume wa mwoaji, awe hai au marehemu, na ardhi ya nyumba hiyo huwa yao. Mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao.

Tukiuliza kwa nini mtu ajitie katika gharama kubwa hivyo, jibu la haraka ni ardhi. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui (1931–2019), alieleza katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba marehemu huendelea kuwa hai maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Asiyeacha mtoto hufa mara mbili. Kwa hiyo mwoaji hununua, kama neno hilo laruhusiwa, kutajwa kwa jina la nyumba yake baada ya kifo. Inapendeza kuona kwamba jina iweto lafanana kwa sauti na kitenzi cha Kikamba kuweta, chenye maana ya kutaja. Sidai kwamba hiyo ndiyo asili yake. Wanaisimu wa Kikamba watatuamulia.

Basi siri ya nyumba hii iko wapi? Haiko katika kuwapo kwa wanawake wawili chini ya paa moja. Hilo lajulikana na kijiji kizima, lilishuhudiwa na mbuzi na wazee, na thomeni hujadiliwa pasipo aibu. Kinachofichwa, au tuseme kinachoachwa bila kusemwa kwa adabu, ni mwanamume anayeingia usiku. Mwoaji huenda alimchagua mwenyewe, au huenda alimwachia iweto ajichagulie. Kwa vyovyote vile, mtoto akishazaliwa jina la huyo bwana halitajwi. Uaminifu nao huenda pande mbili. Mwoaji humwamini iweto kwamba hatachukua watoto na kumfuata mwanamume mwingine mjini. Iweto humwamini mwoaji kwamba ataishi muda wa kutosha, au ataacha mambo yamenyooka, ili mashemeji wasije wakamfukuza siku ya tatu baada ya mazishi. Uaminifu huu wa pili ndio unaovunjika mara nyingi zaidi.

Na mapenzi? Hapa wataalamu wametofautiana sana. Regine Smith Oboler, aliyeandika mwaka 1980 kuhusu Wanandi, alishikilia kwamba mwanamke mwoaji huhesabiwa kuwa mwanamume katika mambo ya mali na urithi, na kwamba tendo la ndoa baina yake na mkewe halimo. Ifi Amadiume, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu Waigbo wa Naijeria, aliwakemea wasomi wa Magharibi waliotaka kuzifanya ndoa za namna hii ushahidi wa mapenzi yao wenyewe. Halafu mwaka 2000 Wairimũ Ngarũiya Njambi na William O'Brien walichapisha mazungumzo yao na wanawake wa Kikuyu walio katika ndoa hizo, wakaonyesha kwamba wanawake hao hawakutaja watoto na mashamba tu. Walitaja pia upendo, usuhuba na raha ya kuishi bila kuamrishwa na mume. Wawili hao hawakudai zaidi ya waliyoambiwa, na kwa maoni yangu ndio waliofanya kazi ya heshima kuliko wote, kwa kuwa waliuliza na kusikiliza. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili, niliwahi kusikiliza semina nzima ambamo iweto alitajwa kama ushahidi wa hoja mbili zinazopingana, na katika saa mbili zile hakuna aliyeuliza iweto mwenyewe husemaje.

Kwa sisi wanafunzi wa lugha, ndoa hii ina somo ambalo halihitaji kumchungulia mtu chumbani. Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mwanafunzi anayeandika kwamba mwanamke ameoa hukatwa alama. Kikamba nacho kina mtwaaji na mtwaliwa. Lakini mtu wa Kitui akisema kwa Kiswahili kwamba mama fulani ameoa, wasikilizaji wake hawasikii kosa lolote; wameelewa kwamba mama huyo ameoa. Kauli ya kutendwa hapa haifuati jinsia bali yafuata mahari, kwani aliyetoa ndiye aliyeoa.

Neno jingine lenye historia ni shoga. Askofu Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliotoka mara ya kwanza mwaka 1870, alilieleza kuwa neno la urafiki wanaloitana wanawake, kisha akaongeza kwamba huko Lamu lilikuwa na maana nyingine, ya mwanamume anayelala na wanaume. Maana zote mbili zimeishi pamoja kwa zaidi ya karne moja, bibi wa Mji Mkongwe akimwita jirani yake shoga huku vijana wa mtaani wakilitupa neno lilelile kama jiwe. Barani, pamoja na Ukambani, ile maana ya pili imeimeza ya kwanza, na ushoga katika magazeti ya leo hauna hata chembe ya urafiki. Mtunzi wa hadithi za mapenzi haya kwa Kiswahili hukuta, kabla hajaandika sentensi ya kwanza, kwamba neno alilopewa ni tusi, na kwamba chini ya tusi hilo umelala usuhuba.

Tuje sasa kwenye hadithi zenyewe. Ukambani haikosi mwandishi aliyethubutu kuandika mambo ya kitandani. David Maillu, aliyezaliwa Kilungu katika Makueni ya leo mwaka 1939, alianzisha kampuni ya Comb Books jijini Nairobi na kutoa vitabu vidogo vya bei nafuu, miongoni mwavyo *My Dear Bottle* (1973) na *After 4:30* (1974). Vilinunuliwa kama maandazi ya moto, wahadhiri wakavidharau, na mwaka 1976 serikali ya Tanzania ikavipiga marufuku. Maillu alifanya jambo ambalo hatujamshukuru vya kutosha: alionyesha kwamba msomaji wa kawaida, karani na dereva, yu tayari kulipa ili asome juu ya siri, wivu na udanganyifu wa wapenzi. Lakini kitanda cha vitabu vile ni cha bosi na karani wake, cha mume na hawara. Nyumba ya wanawake wawili, ambayo mwandishi aliyekulia Kilungu hakuwa na haja ya kuelezwa, haikuwa maudhui ya vitabu hivyo vilivyompa jina.

Zilipokuja, hadithi za mapenzi ya jinsia moja zilikuja kwa njia nyingine. Monica Arac de Nyeko wa Uganda alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2007 kwa hadithi yake fupi *Jambula Tree*, barua ya Anyango kwa Sanyu, wasichana wawili wa mtaa wa nyumba za Nakawa, Kampala, waliofumaniwa na jirani mwenye mdomo. Diriye Osman, Msomali aliyeishi Nairobi utotoni, alitoa *Fairytales for Lost Children* mwaka 2013. Mwezi Januari 2014 Binyavanga Wainaina alichapisha maungamo aliyomwandikia mama yake marehemu. Mwaka huohuo filamu *Stories of Our Lives*, iliyoongozwa na Jim Chuchu, ilipigwa marufuku nchini Kenya. Kisha Wanuri Kahiu akaigeuza hadithi ya Arac de Nyeko kuwa filamu iitwayo *Rafiki*, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2018, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa huko. Bodi ya filamu iliipiga marufuku. Mwezi Septemba Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe kwa siku saba.

Ukizitazama hadithi hizi pamoja utaona siri imehama. Katika nyumba ya iweto uhusiano uko hadharani na mwanamume ndiye aliyefichwa. Katika *Jambula Tree* na *Rafiki* uhusiano wenyewe ndio uliofichwa, na ploti nzima hungoja kufichuliwa kwake. Uaminifu nao umehama. Anyango na Sanyu hawana mbuzi, hawana mashahidi wala ardhi. Kila mmoja ana neno la mwenziwe tu. Ndiyo maana barua inakuwa umbo linalowafaa: barua haihitaji shahidi wa tatu. Hadithi hizi ni za mji, za mtaa wenye kuta nyembamba, na sioni ajabu kwamba Kahiu alichagua neno rafiki, ambalo halina jinsia na laweza kusemwa mbele ya mama mzazi.

Sheria nayo imeyachanganya haya yote. Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza, kinatishia kifungo cha miaka 14, na mahakama kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Mwezi Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba chama cha kutetea haki za watu hawa kina haki ya kuandikishwa, kelele zikawa nyingi. Kwa iweto, hata hivyo, kifungu kizito zaidi ni kile cha 45 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, pamoja na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inayosema kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Vifungu hivyo viliandikwa ili kuwazuia kina Kena na Ziki wa *Rafiki*, lakini mjane wa Mutomo aliyeolewa na mwanamke mwenzake aweza kujikuta amenaswa na wavu uleule. Mwaka 2011, katika kesi ya Monica Jesang Katam iliyosikilizwa Mombasa, Jaji Jackton Ojwang aliikubali ndoa ya Kinandi ya mwanamke kwa mwanamke na kumtambua mlalamikaji kuwa mrithi. Hukumu hiyo ilitoka baada ya Katiba mpya, na mawakili wa Ukambani wana sababu ya kuikumbuka.

Kiswahili chaweza kuipa riwaya ya nyumba hii kitu ambacho Kiingereza hakina. Kiambishi *a-* hakisemi kama mtendaji ni mke au mume, na *mpenzi wake* haifichui lolote. Mtunzi aweza kwenda kurasa 100 pasipo kusema uongo na pasipo kutoa siri, halafu kitenzi kimoja, oa au olewa, kikaifungua. Hiyo si hila ya kuigwa kutoka ng'ambo. Ndivyo tunavyosema kila siku. Riwaya hiyo ingeweza kuanza pale mila inapoishia: mwoaji amekufa, mashemeji wamekuja na wakili, na iweto amesimama kizimbani katika mahakama ya Kitui au Wote. Miaka 20 wamelima pamoja, wameuguzana, wamelala chini ya paa moja, na yaliyopita kati yao wanayajua wao wawili, mmoja wao akiwa kaburini. Karani anamwuliza kwa Kiswahili, kalamu mkononi, marehemu alikuwa nani wake. Akisema mume, chumba kizima kitacheka. Akisema mama mkwe, ataulizwa mumewe ni nani na yuko wapi. Akisema rafiki, amepoteza shamba, na neno shoga lilikwisha chafuliwa kabla yeye hajazaliwa. Karani angali anangoja, na watoto wamekaa kwenye benchi la nyuma, wakisikiliza watakavyotajwa.