Mchanga Ndio Kisima

Mwezi wa Agosti 1851, mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alijikuta peke yake porini, karibu na mto Tana, upande wa Kitui ya leo. Alikuwa safarini na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ya pembe za ndovu ilifika hadi Mombasa. Wakavamiwa njiani. Kivoi akauawa, msafara ukatawanyika, Krapf akakimbia. Hakuwa na chombo kizima cha kubebea maji, kwa hivyo alijaza maji ya Tana kwenye mtutu wa bunduki, akauziba kwa nyasi. Vichaka vikazing'oa zile nyasi na maji yakamwagika. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika kitabu kilichochapishwa 1860, aliyemwokoa ni nyani. Alisikia kelele zao kwenye mto mkavu, akaufuata, akakuta shimo walilokuwa wamechimba mchangani. Ndani ya shimo kulikuwa na maji.

Shuleni tulifundishwa kwamba Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na kwamba aliuona akiwa Kitui, Desemba 1849. Hiki kisa cha nyani hakikuwa kwenye mtihani. Lakini kama unataka kuelewa historia ya maji Ukambani, anzia hapo, si mlimani.

Kwetu ni Makueni. Nyanya yangu hakuwahi kusema kwamba mto wetu umekauka. Alisema umeingia ndani. Mtu yeyote aliyelelewa kando ya Kaiti, Thwake, Tiva au Nzeeu anajua alimaanisha nini. Mvua ikinyesha, mito hii hufurika kwa saa chache, inabeba miti na mbuzi, kisha maji yanapita. Yanayobaki yamejificha mchangani. Unachimba, unangoja yajikusanye, unayateka kwa kikombe polepole usiyavuruge, mpaka mtungi ujae. Ikifika Septemba shimo linakuwa refu kuliko mtu, kuta zake zinaanza kumomonyoka, na kuna watu waliowahi kufukiwa humo wakitafuta lita 20.

Kitu kingine ambacho vitabu vya shule havikutueleza vizuri ni mvua yenyewe. Tulikariri kwamba mvua ya Machi hadi Mei ndiyo mvua ndefu, na ile ya Oktoba hadi Desemba ni fupi. Ukambani mkulima anategemea zaidi hiyo inayoitwa fupi. Ikikosa, mwaka umekosa. Na ikikosa misimu miwili au mitatu mfululizo, kipindi hicho kinapewa jina na kuingia kwenye historia. Kwa Kikamba, njaa ya ukame ni yua. Mwishoni mwa miaka ya 1890 kulikuwa na Ngomanisye, yaani iliyoenea kila mahali, iliyokuja pamoja na ndui wakati ng'ombe wengi walikuwa wameshakufa kwa sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukawa na Nikw'a Ngwete, nakufa nikiwa nimeshika. Wameshika nini? Pesa. Watu walikuwa na noti mkononi na hakuna chakula dukani. Wazee wa kwetu walihesabu umri wao kwa majina haya. Unaulizwa ulizaliwa lini, unajibu kwa kutaja njaa.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na maelezo yake. Ilipotazama Ukambani miaka ya 1930 iliona makorongo, udongo mwekundu uliopigwa na jua, na ng'ombe. Ikaamua kwamba tatizo ni ng'ombe. Kwamba Wakamba walikuwa wamesukumwa kwenye eneo finyu, huku ardhi nzuri ya jirani ikipewa walowezi, hilo halikutiliwa maanani sana. Mwaka 1938 serikali ikaanza kunyang'anya mifugo kwa nguvu na kuiuza kwa bei ya chini, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kimefunguliwa Athi River na kinahitaji ng'ombe. Muindi Mbingu na Chama cha Ukamba, Ukamba Members Association, wakawaongoza watu kwa miguu kutoka Machakos hadi Nairobi. Wanaume, wanawake na watoto walipiga kambi jijini kwa wiki kadhaa wakitaka kusikizwa na gavana. Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini serikali ikarudi nyuma kuhusu ng'ombe.

Ukipita Muindi Mbingu Street, pale City Market wanapouza nyama, ni yeye huyo.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilirudi na mpango mwingine: matuta. Watu walilazimishwa kutoka siku kadhaa za wiki kuchimba makinga maji kwenye miteremko, chini ya usimamizi wa machifu, na wengi waliichukia kazi hiyo kama walivyoichukia kodi. Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Watu walipoachwa wachague wenyewe, walichagua namna moja ya tuta, ile ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko ili shamba lijisawazishe polepole lenyewe. Mtindo huo unaitwa fanya juu. Wataalamu wa udongo ulimwenguni wanauita hivyo hivyo, kwa Kiswahili, hata wanapoandika Kiingereza. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya zamani, ile iliyojumuisha Makueni kabla ya kugawanywa 1992. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka karibu mara sita, na mmomonyoko ukapungua. Wale wakoloni walikuwa wametabiri jangwa.

Huo ni udongo. Maji yalifuata njia hiyo hiyo.

Katika miaka ya 1950, bodi ya kikoloni iliyojulikana kama ALDEV ilijenga mabwawa ya mchanga huko Kitui. Wazo ni rahisi kiasi kwamba unashangaa. Unatafuta mahali ambapo mwamba uko karibu chini ya mto. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ukiwa umeshika mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito unanaswa nyuma ya ukuta, tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja hadi mitatu, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na kati ya asilimia 25 na 40 ya ujazo wa mchanga huo ni nafasi ya maji. Jua la Kitui linaweza kukausha karibu mita mbili za maji yaliyo wazi kwa mwaka. Maji yaliyo chini ya mchanga haliyafikii. Mbu hawatagi humo, ng'ombe hawayachafui moja kwa moja, na mchanga unayachuja. Ukuta wenyewe haufanyi kazi yoyote ila kuuzuia mchanga usiondoke.

Ujuzi huo haukubaki mikononi mwa serikali. Mwaka 1978 Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni huko Kola, Machakos, wakajenga mabwawa ya mchanga na kuusambaza ujuzi huo hadi Makueni. Kuanzia miaka ya 1990, shirika la SASOL likafanya hivyo Kitui, mamia ya mabwawa, moja baada ya jingine kwenye mto uleule, ili safari ya kwenda kuteka maji ifupike. Nguvu ya kujenga ilitoka kwenye mwethya, utaratibu wa Kikamba wa kufanya kazi kwa zamu: leo kwangu, kesho kwako. Na mwethya wa miaka hiyo ulikuwa hasa wa wanawake. Wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta kazi. Waliosomba mawe, waliobeba mchanga na maji ya kuchanganyia saruji, ni mama zetu na nyanya zetu.

Sasa tuje mjini.

Wanaume waliokwenda Nairobi wengi walifanya kazi ya mjengo. Na mjengo unataka mchanga. Nairobi ilipoanza kupanda juu kwa kasi baada ya 2003, ghorofa juu ya ghorofa, malori yaliteremka kwenye mito ya Machakos, kisha Makueni na Kitui. Usiku mmoja wa kazi unaweza kuondoa mchanga ambao mto uliukusanya kwa misimu mingi. Ukishaondoka, mafuriko yanapita juu ya mwamba mtupu, kingo zinaporomoka, visima vya jirani vinashuka. Watu wamepigana na wengine wamekufa kwa sababu ya mchanga huo, malori yamechomwa moto. Bunge la Kaunti ya Makueni lilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, ikaunda mamlaka ya kuusimamia. Kitui nayo, mapema 2018, gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kutolewa nje ya kaunti.

Sheria zinasaidia. Lakini ugomvi huu si kati ya wanakijiji wema na wageni wabaya tu, na hapo ndipo panapouma. Vijana wanaopakia lori usiku ni wa kijiji hicho hicho. Mvua imekosa, shamba halina kitu, na dalali ana pesa taslimu. Ndani ya boma moja, mtoto anapakia mchanga usiku na mama yake asubuhi anachimba ndani zaidi kutafuta maji. Ukimuuliza kijana, atakuambia hawezi kula mto. Ukimuuliza mama, atakuambia alibeba mawe ya ule ukuta akiwa na mimba ya huyo kijana.

Na kuna kitu ambacho Nairobi inakirudisha. Mto Nairobi, baada ya kupita Gikomba na Dandora na kukusanya kila tunachomwaga, unaingia Athi. Athi unateremka hadi kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, na hapo, unapokutana na Thwake, serikali inajenga bwawa kubwa lililozinduliwa Machi 2018. Ukuta wake unapita mita 80, na limepangwa kushika mita za ujazo zipatazo milioni 680. Ni bwawa la maji yaliyo wazi, juani. Kwa watu waliongoja bomba tangu uhuru, ni ahadi kubwa, na siwezi kuwaambia wasiifurahie. Ila wameuliza mara nyingi swali moja ambalo sisi wa mjini ndio tunaopaswa kulijibu: maji hayo yatakuwa yametoka wapi?

Kwa hivyo tunapozungumza juu ya "ukame wa Ukambani" kila Septemba, picha za mitungi ya njano zinapoanza kuzunguka kwenye simu, tusiishie mawinguni. Mvua imekosa mara nyingi huko, na watu walijua la kufanya: walijenga kuta na kungoja mchanga. Mchanga huo wengi wetu tumelala ndani yake usiku wa leo, Pipeline, Roysambu, Kilimani, umechanganywa na saruji, na hauwezi kurudi mtoni.