Mpaka

Neno "mpaka" linabeba maana mbili. Kwanza ni ukomo: hapa Gisenyi, Rwanda inapakana na Kongo, na Goma iko ng'ambo tu ya kizuizi. Lakini pia twasema "naenda mpaka Goma", na hapo neno lilelile linakupeleka.

Pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka huu, miongoni mwa wanaovusha mizigo wamo watu wasioweza kutembea. Baiskeli zao ni za magurudumu matatu, pedeli ziko usawa wa kifua, huzungushwa kwa mikono. Magunia hupangwa mpaka yampite mwenyewe kimo. Bado wapo wanaowaita "wasiojiweza". Neno hilo silitaki katika safu hii. Nimeiona mikono ile ilivyoota sugu.