Kodi ya Vyumba, Kutoka Pangani Hadi Majengo

Benki zikiwa bado hazimjui Mwafrika wa Nairobi, kuna wanawake walijijengea nyumba Pangani, wakapangisha chumba kwa chumba. Hiyo ndiyo ilikuwa pensheni yao. Mwaka wa 1939 wakoloni wakabomoa mtaa. Nyumba za Shauri Moyo, walikohamishiwa wengi, zilikuwa mali ya manispaa.

Leo, kodi ya nyumba ikizidi shilingi 288,000 kwa mwaka, KRA inadai ushuru wa asilimia 7.5 ya pesa yote, bila kutoa hata gharama ya mabati. Vyumba vinne vya shosho wangu Majengo, 3,500 kila kimoja, havifiki huko. Ndivyo vilinilipia chuo nilichokiacha. Lakini mkopo hapati, ploti haina hati. Hukarabati kidogo kidogo tu. Mamake alikuwa na nyumba Pangani.