Ubao, Wino na Khalifa: Malezi ya Vijana katika Vyuo vya Pwani

Wataalamu wa elimu ya nafsi wa zama zetu wanatufundisha kwamba ile sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupanga mambo, kushika agizo moyoni wakati mikono ina shughuli nyingine, na kuizuia pupa isimtangulie mtu, ndiyo ya mwisho kukomaa, hata umri ukakaribia miaka 25. Wazazi wengi huipokea habari hii kwa hofu. Lakini wazee wa pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, ambao hawakujua lolote la ubongo, walikuwa na mahali ambapo uwezo huo ulipaliliwa siku baada ya siku, nami naona ni dhuluma kukitaja chuo cha Kurani kama mahali pa kukariri na kuchapwa bakora, basi.

Heshima ya mwanafunzi katika pwani hii ni ya kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa malazi katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya watafutao elimu. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye maandiko yake yalitiwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, alikieleza chuo pamoja na uzazi, ndoa na matanga, maana kilikuwa nguzo ya maisha.

Kila mtoto alikuwa na ubao wake. Wino ulikuwa masizi yaliyokorogwa kwa maji na gundi ya mti, na kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha kwa kisu. Mwanafunzi mchanga aliandikiwa, aliyeendelea akajiandikia mwenyewe, kisha akaketi mkekani na sehemu yake mpaka aweze kuisoma mbele ya mwalimu bila ya kutazama; ndipo alipopewa ruhusa ya kuosha ubao na kuandika sehemu mpya. Ubao uliooshwa haukuacha nakala. Kwa hiyo kabla ya kusimama mbele ya mwalimu, mtoto alilazimika kujihesabu kwa uaminifu kama maneno yamekaa moyoni au yangali yanaelea ulimini tu, na hesabu hiyo hapana mtu aliyeweza kumfanyia.

Tena chuoni hapakuwa na somo moja la wote. Aliyeshika alifu na bei alikaa bega kwa bega na aliyekuwa katika irabu, na huyu na aliyefika Yasini, na wote walisoma kwa sauti kubwa kwa wakati mmoja, hata mpita njia akasikia mvumo usiochambulika. Lakini ndani ya mvumo huo kila mmoja alipaswa kushika aya yake asichukuliwe na ya jirani. Sijui zoezi la kuituliza akili lililo bora kuliko hilo, wala lililo la gharama ndogo zaidi.

Hata hivyo kiini cha malezi yale, kwa maoni yangu, kilikuwa khalifa. Huyu alikuwa kijana wa umri wa kubaleghe au aliyepita kidogo, aliyekwisha kuhitimu au aliyekaribia kuhitimu, ambaye mwalimu alimpa amana kidogo kidogo: kwanza kuushika mkono wa mtoto mmoja uandikapo, halafu kusikiliza masomo ya mkeka mzima, halafu kupokea ada ya Alhamisi na kujua nani ametoa na nani bado, na mwisho kukaa na chuo kizima pindi mwalimu alipokwenda mazikoni. Aliyemjua mtoto asiyeonekana tangu juzi, na aliyekumbuka kila mmoja amekomea wapi, alikuwa yeye. Hakuhutubiwa juu ya kupanga siku yake. Alikabidhiwa siku za wenzake, na jicho la mkubwa likawa karibu.

Sitaficha aibu za vyuo vile. Bakora ilizidi, na wako walimu waliowafanyisha watoto kazi za shamba kupita haki. Mabinti wa kiungwana waliwekwa ndani walipovunja ungo, wakakosa cheo cha khalifa katika umri ule ule uliokihitaji, ingawa Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, ni shahidi wa elimu iliyokuwamo ndani ya kuta.

Baadaye zikaja juzuu za chapa kutoka Bombay na Misri, rahisi na nzuri kwa macho, na mtoto akaweza kufunua ukurasa wa pili hali wa kwanza haujamwingia. Zikaja na shule za serikali, zenye kengele na ratiba ukutani, ambazo zilileta hesabu, jiografia na manufaa yasiyokanika. Lakini kengele iliwahamisha wote kwa pamoja, aliyemaliza na asiyemaliza, na ile kazi ya kujihesabu ikatoka kwa mwanafunzi ikaenda kwa mwalimu. Ubao ukapungua, na wino wa masizi nao. Khalifa alidumu zaidi, na mpaka leo yako madarasa ya Unguja na Mombasa ambamo wakubwa huwasomesha wadogo. Na walimu wengi wa vyuo walianza kazi hiyo hivyo hivyo, wakiwa vijana, kwa kusikiliza somo la mtoto wa mtu mwingine.